Nimefungia kliniki yote

Soumaya, naandika mbio, soma tu hivyo hivyo.

Nimefungia kliniki yote. YOTE!

Nilitaka kubadili reglaji, ile mipangilio ya programu inayofunga dosie za wagonjwa kwa ufunguo wa siri, kwa kompyuta yangu tu, odinateri moja. Nikabonyeza "watumiaji wote". Hapo hapo kila odinateri ikaomba ufunguo mupya, na huo ufunguo uko ndani ya yangu, nayo imejifunga!

Dokta Gaspard akaingia mbio: "Khadidja, yule mama aliyetoka Gasenyi amezimia na homa. Dosie yake iko wapi?"

"Dokta, haifunguki."

"Haifunguki namna gani? Mutu anakufa!"

Wallahi nilisahau hata jina langu.

Halafu nikakumbuka odinateri ya labo, kule wanapima damu. Iko na kopi za dosie, na ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, reglaji mupya hazijaifikia. Nikakimbia, nikachomoa kwanza kamba ya mtandao, ndiyo nikaiwasha.

Ikafunguka!

Dokta, aliyenifuata mbio, akasoma kwa sauti: "Penisilini inamudhuru."

Soumaya, penisilini! Lisette, muuguzi wa Dokta, alikuwa amekwisha kuivuta ndani ya sindano.

Mama amepewa dawa ingine, sasa anapumua vizuri. Mi bado.