Hitilafu ya Ijumaa Mchana

Mayfair, Johannesburg

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo.

Juzi kwenye simu uliniuliza mbona siku hizi sisemi habari za msikitini, nikakwepa. Sasa nakueleza.

Kazini kwangu Midrand tuna programu inayowaonyesha madereva nyumba za kupeleka mizigo. Kwa miezi miwili ilikuwa inagoma kila Ijumaa, karibu na saa saba mchana. Magari yanajipanga getini, madereva wanapiga honi. Nikirudi kutoka kuswali, nikifungua laptopu nichunguze, programu i nzima kabisa, kama mtoto anayeacha kulia akimwona daktari. Mama, sijawahi kupenda tatizo namna ile. Nilishuku umeme, nikashuku mtandao, nikashuku hata jiko la kupashia chakula.

Meneja wetu, mama asiye na maneno mengi, akaniambia, "Bakari, Ijumaa usitoke." Nikabaki, haikugoma. Ya pili nikabaki, haikugoma. Akaona dawa imepatikana, nisitoke tena. Nikaitikia, maana kibali changu cha kuishi huku kinategemea kazi hii. Zikatimia Ijumaa tatu mfululizo bila Jumaa, na tatu unajua maana yake: moyo hupigwa muhuri. Niliona haya kukuambia.

Jumatano nikamwaga chai mezani, nikaifunika laptopu nipanguse. Ilunga, mwenzangu wa Lubumbashi, akatazama skrini yake, akasema, "Eish, imekufa tena." Nikaifunua, programu ikafufuka. Nikaifunika, ikafa. Nilirudia mara tano huku nacheka peke yangu. Kumbe zamani, wakati wa majaribio, niliiagiza programu ichukue anwani za wateja kwenye laptopu yangu, nikasahau kuzihamishia kwenye kompyuta kuu. Siku nyingine inashinda wazi mezani, hata chakula nakulia hapohapo. Ijumaa tu ndipo huifunika mchana, ikalala, nikaifungia kwenye droo, kwa kuogopa wezi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ilunga akaninong'oneza, "Nyamaza tu, ndugu. Geuza mustari moya ya programu, c'est fini, imeisha. Nani atajua?"

Nilitamani. Lakini nikinyamaza, meneja ataendelea kuamini kwamba kubaki kwangu ndiyo dawa. Nikisema, huenda nikafukuzwa. Nikamwendea na laptopu mkononi, nikaifunika, nikaifunua mbele yake.

"Kwa hiyo miezi miwili ulikuwa unajitafuta mwenyewe," akasema, akavuta karatasi akaanza kuandika.

Msalimie Dada Mwanaidi na wanafunzi wake wa cherehani. Mjomba Sefu, fundi redio, msimulie kisa chote. Atanicheka mwezi mzima, na ana haki. Bibi mwambie namwombea afya.

Barua ya onyo nimepewa, nimeitia saini. Iliniuma, sikufichi. Lakini leo nimeswali Jumaa, Mama, na magari yametoka.

Mwanao,
Bakari