Chupa ya Dawa ya Mbuzi Iko Chini ya Kitanda

Bibi Pili mpendwa, shikamoo, naomba msaada kabla sijafanya la kujutia, mimi ni Salome wa Lupaso, nina mimba ya miezi mitano, na tangu kliniki waseme damu yangu ni ndogo mama mkwe wangu, Mama Arthur, ananiletea ini la ng'ombe kila siku ya machinjo, analiwahi buchani alfajiri, analikaanga mwenyewe, anakaa mpaka nimalize kula, sasa wiki iliyopita tumbo lilinisumbua nikaenda hospitali Masasi, wakapima choo wakaona mayai ya minyoo ya ini, mtu wa maabara akaniuliza kama nimekula ini siku za karibuni, nikaona aibu, ataniona mlafi, maana jana yake nilimaliza sahani nzima peke yangu, nikasema sijala, wala kwa daktari sikurudi, nilipanda bodaboda na hasira zangu, nikamwambia Mama Arthur mbele ya majirani kwamba amenilisha minyoo aniue mimi na mtoto, ini nikalimwaga uani, akaondoka, sahani yake ninayo mpaka leo, na mume wangu Arthur ameleta chupa ya dawa ya minyoo ya mbuzi, anasema ninywe kifuniko kimoja tu, iko chini ya kitanda, Bibi, ninywe au nisinywe?

*

Marahaba, mjukuu wangu. Usinywe. Hata tone. Dawa ile imepimiwa mbuzi. Wewe huna pembe, na tumboni una mtoto. Arthur airudishe dukani leo, na akibisha mwambie Bibi Pili wa Newala anamsubiri.

Sasa nikugombeze. Yule wa maabara hakuwa anapima ulafi wako. Ng'ombe naye anaugua minyoo hiyo, na mayai yamo humo humo ndani ya ini. Ukilila, hata likiwa limeiva, yanapita tumboni yanatoka chooni kama mbegu za mapera, na kwenye hadubini yanafanana na ya mgonjwa. Angejua tofauti kwa mdomo wako, nawe ukaufunga. Yalinikuta mimi baada ya harusi ya mwanangu: nililia siku nne najiona maiti, kumbe ini la karamu.

Na hata kama unaumwa kweli, ini silo lililokupa. Minyoo hii mtu anaipata kwenye majani mabichi ya bondeni na maji ya bwawa wanakokunywa ng'ombe. Mama Arthur hana kosa, ugeuze unavyogeuza.

Kaa wiki nzima bila ini lolote. Kula mbaazi, mboga zilizopikwa, na vidonge vya kuongeza damu vya kliniki umeze, usivifiche. Kisha rudi Masasi, mwambie yule mtu, "Nilikudanganya," apime tena, hata siku tatu tofauti. Mayai yakiwepo bado, ni yako, na daktari ndiye atakayekuchagulia dawa. Yasipokuwepo na ubavu wa kulia unauma, omba kipimo cha damu na picha ya tumbo, maana minyoo michanga huwa haijaanza kutaga. Ukipata homa au macho ya njano, usingoje wiki. Nenda siku hiyo hiyo.

Lakini leo anza kwa Mama Arthur. Osha sahani yake, ibebe kwa mikono miwili, upite mbele ya majirani wale wale. Piga magoti, sema, "Mama, nilikusingizia." Halafu nyamaza. Kaa naye mpaka amalize kulia, kama alivyokaa nawe mpaka umalize kula.