Kuirudisha Stata

Jumatatu, 5 Mei

Nimefungua duka saa mbili. Fotokopi za vitambulisho, barua moja ya kuomba kazi, basi. Kompyuta mpya imejisasisha yenyewe bila kuniuliza, nami nimekaa nikiingoja kama mtu aliye kwa daktari. Mwezi wa pili sasa na sijaizoea. Ni pana mno. Kila kitu kiko mbali na kingine. Binti yangu Brenda aliinunua kwa mapenzi baada ya radi kuichoma ile ya zamani, na mtoto akikununulia kitu huwezi kumwambia hukipendi. Kwa hivyo ninayasemea hapa.

Naitamani Stata yangu. Lile toleo la bei ya chini la programu ya kuendeshea kompyuta walilowatengenezea watu wa nchi kama zetu, likapunguzwa karibu kila kitu. Programu tatu tu kwa wakati mmoja. Ukijaribu kufungua ya nne inakukatalia, ati funga moja kwanza. Watu waliicheka. Mume wangu Amos anaiita kompyuta ya maskini mpaka leo. Mimi sikuhitaji ya nne. Barua, picha, na mchezo wa karata. Skrini yake ilikuwa ya mraba, maandishi manene, kila kitu mbele ya uso. Miaka yote hiyo hakuna kilichonipotea humo ndani.

Mazoea yana taabu. Mvua imekuja alasiri na ngurumo zake, nikachomoa nyaya zote.

Jumatano, 7 Mei

Pikipiki nusura iniue karibu na soko. Ilitoka kushoto. Niliisikia, sikuiona. Kijana aliyekuwa akiiendesha akaniuliza, "Mathe, hayo macho ni ya nini?"

Bega bado lina uvimbe wa juzi, nilipogonga mwimo wa mlango wa jikoni. Nilimwambia Amos ni uzee. Lakini mimi najua ni ile skrini. Ukishinda ukihangaika kutoka ukingo huu hadi ule, jioni utaona nini? Stata haikunichosha hivi. Nimenunua miwani nyingine kwa yule wa kando ya barabara, yenye nguvu zaidi. Haisaidii.

Alhamisi, 8 Mei

Programu tatu za mazishi, vile vijitabu vya ibada na majina ya familia ya marehemu. Alhamisi ni hivyo, watu wanazika Jumamosi. Ile kubwa ni ya mzee wa Malinya. Shemeji yake amenitumia picha kwa simu, karatasi ya familia iliyoandikwa kwa mkono. Nimeifungua kwenye kompyuta, picha upande wa kushoto, ukurasa wangu upande wa kulia, nikapiga chapa bila kupumzika. Amekuja kuzichukua mvua ikianza, akazifunika kwa koti na kukimbia. Hakusoma hata moja.

Nimechoka. Macho yanawasha.

Jumamosi, 10 Mei

Simu haijanyamaza tangu saa saba.

Mke wa kwanza wa yule mzee hayumo kwenye programu. Mama Shiundu na watoto wake wote. Waombolezaji wamefungua programu mbele ya jeneza wakakuta mzee alikuwa na mke mmoja, yule wa pili. Nimeambiwa vurugu zilianza hata kabla ya mahubiri. Vijana wa nyumba ya kwanza wamezirarua. Wanasema nyumba ya pili ilinihonga.

Kwetu ile si karatasi tu. Watu huihifadhi. Siku ya kugawana shamba mtu ataitoa sandukuni aseme, huyu mama mbona hayuko hapa?

Mmoja wao amenipigia. Hakupaza sauti. "Tutakuja tuone hiyo kompyuta yako inafanya kazi namna gani." Nimezima simu.

Nimeiangalia tena ile picha kwenye simu kabla ya kuizima. Safu ni mbili. Ya kushoto ni ya Mama Shiundu. Jina lake liko juu kabisa, kwa herufi kubwa. Kwenye simu ndogo naliona vizuri sana. Kwenye lile likompyuta halikuwepo. Naapa halikuwepo. Basi ni mashine. Inakula pembeni.

Jumapili, 11 Mei

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Amos ni kichwa. Ameniletea uji, akakaa ukingoni mwa kitanda, hakuuliza neno. Nashukuru hakuuliza. Pia naogopa kwa nini haulizi.

Jumatatu, 12 Mei

Sikufungua duka. Muuza viatu wa jirani anasema vijana wawili wamepita na pikipiki, wakauliza mimi hufika saa ngapi na huondoka na nani. Wakanunua kamba za viatu na kwenda zao.

Nilianza kupalilia mahindi nyuma ya nyumba ili nisifikirie. Amos amekuja akaniondolea jembe mkononi. Nilikuwa nikikata mahindi pamoja na magugu. Upande mmoja wa mstari wote nimeumaliza.

Nimeingia ndani.

Jumanne, 13 Mei

Nimepata dawa. Nitairudisha Stata.

Nimemwendea fundi Wekesa, yule wa nyuma ya stendi aliyenitengenezea mashine tangu zamani. CD yake ninayo, niliiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na nyuzi. Ameicheka mpaka akaketi. "Mama Brenda, hii kitu hata makumbusho haiwezi taka." Nikamwambia wewe irudishe tu. Skrini ya mraba, radi haikuigusa, nimeitoa stoo, nimeipangusa vumbi. Anatafuta vipuri kwenye mashine alizonunua kama chuma chakavu. Amesema Alhamisi.

Ikirudi nitaipiga upya ile programu, jina la Mama Shiundu la kwanza, niwapelekee waone kwamba kosa lilikuwa la ile kompyuta pana. Wataona. Lazima waone.

Leo nimekula obusuma, ugali wetu, kidogo. Mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Alhamisi, 15 Mei

Imerudi.

Wekesa aliiwasha mbele yangu. Mlio ule ule. Picha ile ile ya nyuma usiyoweza kuibadilisha. Neno lile la Starter, kunifahamisha hali yangu. Machozi yalinitoka, Wekesa akajifanya anakaza skrubu. Akaniachia kiti, akasema, "Haya, mama, endesha gari lako."

Nikashika mausi. Nikatafuta kitufe cha kuanzia, kile cha pembeni chini, nilichokibonyeza kila asubuhi kwa miaka. Hakikuwepo.

Nikasema, Wekesa, umesahau kitufe. Akadhani ninafanya mzaha. "Si hicho hapo." Nikasogeza mausi. Mshale nao ukapotea. Akaweka kidole chake kwenye kioo, na kidole nacho nikaona nusu. Ilibidi nigeuze kichwa chote, kama kuku anayetazama punje, ndipo kitufe kikatokea. Hakikuwa kimehama. Skrini ni ndogo. Ya mraba. Haina upana wowote wa kulaumu.

Wekesa akaacha kucheka. Nikamwambia ni miwani, nikamlipa, nikafunga mlango kwa ndani.

Kumbe sikuitamani Stata. Niliyatamani macho niliyokuwa nayo nikiitumia.

Nayaandika sasa yale niliyoyakwepa. Baba yangu alikuwa mtu wa mafahali wa kupiganishwa, huko huko Malinya. Alfajiri alitembea mbele ya fahali wake, ngoma za isukuti nyuma, na mtu mzima aliacha njia. Kisha akaanza kugonga miimo ya milango. Kisha fahali wake mwenyewe, aliyemlea, akamtokea ubavuni asimwone, akamvunja mbavu. Walisema amerogwa na mwenye fahali aliyeshindwa. Waganga wakaja, wakaenda. Alikuwa na umri kama wangu huu. Aliishi miaka mingi baada ya hapo akiketi ukutani, akitambua watu kwa kukohoa kwao. Alinipapasa uso siku ya harusi yangu ajue nimevaa nini kichwani.

Nimejua tangu ile pikipiki. Pengine tangu ule mlango. Naogopa kuliko ninavyowaogopa wale vijana. Waje tu, wavunje kila kitu, lakini nisiketi ukutani.

Ijumaa, 16 Mei

Nilifungua nusu ya mlango tu. Nikawa napanga karatasi ili mikono iwe na kazi.

Sauti ya mwanamke ikasema, "Sasa mimi nimesimama hapa kitambo, hata salamu hunipi?"

Alikuwa kushoto kwangu. Karibu anishike. Nguo nyeusi, kitambaa cheusi kichwani. Sikuwahi kumwona uso kwa uso lakini nilimjua. Niliangusha karatasi zote.

Mama Shiundu hakuketi. Aliuliza jambo moja, "Walikulipa?" Nikasema hapana. "Basi nilikukosea nini?" Alikuwa hajalala, yeye pia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi kuhusu kompyuta. Hayakuja. Nikamwambia, sioni kando. Ndiyo mara ya kwanza nimeyasema kwa sauti, na nimemwambia mtu niliyemfuta kwenye mazishi ya mumewe.

Akasema nitazame pua yake, nisigeuke. Akanyoosha mkono kando ya sikio langu, nadhani, maana sikuuona. "Ukiona vidole useme." Nilingoja. Nilifikiri hajaanza. Nilipoviona vilikuwa karibu kabisa na uso wake.

Akashusha mkono. Akaketi sasa.

"Mara mbili umeniacha nje," akasema. "Kwenye karatasi, na hapa mlangoni."

Sikujua kama anacheka. Nadhani alikuwa anacheka, na alikuwa analia pia. Kisha akasema Jumatatu tunaenda hospitali, yeye na mimi, asubuhi. Nikaanza visingizio, duka, Amos, mvua. "Ukikataa nitawaambia wanangu ulilipwa." Akainuka, akaniokotea karatasi zote, akazipanga vibaya.

Nimemwambia Amos leo. Alikuwa akijua. Anasema amekuwa akiuacha mlango wa jikoni wazi kabisa tangu Krismasi ili nisiugonge, na mimi nikawa naufunga.

Jumapili, 18 Mei

Mficha maradhi kifo humuumbua. Hayo ndiyo mahubiri yote niliyoyasikia leo, na si mhubiri aliyeyasema.

Naogopa kesho. Siandiki zaidi.

Jumatatu, 19 Mei

Foleni ndefu. Mama Shiundu alikaa kushoto kwangu makusudi na kunipiga kiwiko kila mtu alipotaka kupita.

Walinipulizia hewa machoni. Walinitia dawa inayouma. Kisha kile chombo. Unaweka kidevu ndani ya kitu kama bakuli jeupe, unatazama nukta ya katikati, na kila unapoona mwanga mdogo popote unabonyeza kitufe mkononi. Nilibonyeza mara chache za mwanzo. Halafu mwanga ukakoma. Nikangoja. Chumba kimya, kidole tayari. Nikamwuliza yule dada, imeharibika? Akasema pole pole, "Inaendelea, mama. Wewe tazama katikati."

Ilikuwa inawaka wakati wote huo.

Ni presha ya macho. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Pembeni kote kumekwenda, na hakurudi. Hakuna upasuaji wa kukurudisha, hakuna miwani. Katikati kupo bado, na katikati kunaweza kulindwa kwa matone, kila jioni, maisha yangu yote, bila kuruka hata siku moja. Hii ndiyo iliyompata baba yangu, karibu hakika. Ingezuiliwa kwa kichupa kidogo kama kidole. Miaka yote hiyo tukimtafuta mchawi Malinya.

Kisha akauliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja. Akasema aje apimwe, huwa inafuata damu.

Mama Shiundu alinishika mkono mpaka nje.

Jumatano, 21 Mei

Bado sijampigia Brenda. Nimeshika simu, nimeiweka. Yangu nimeanza kuyazoea. Haya ya Brenda siwezi.

Jumapili, 25 Mei

Jana Mama Shiundu alikuja dukani na wanawe wawili, wale wa pikipiki. Vijana wapole tu. Walisimama mlangoni wakitazama chini. Nimeipiga programu upya kwenye kompyuta ya Brenda. Nimeubana ukurasa katikati ya skrini, mdogo, na picha ya karatasi juu yake badala ya kando. Mama Shiundu alisoma majina kwa sauti, moja moja, nami nikayapiga. Jina lake alilisoma mara mbili. Zitagawanywa kwa ukoo siku ya kunyolewa nywele, matanga yakiisha.

Stata nimempa Wekesa. Ameiweka kibandani watu waione.

Leo baada ya kanisa nimempigia Brenda. Nimemweleza yote, pamoja na babu yake. Amenipa pole nyingi, akasema atakuja mwisho wa mwezi. Nikamwambia usije kwanza, nenda kwanza upimwe. Akasema, "Mama, usijali, mimi naona kila kitu."

Nikamwambia hata mimi nilikuwa naona kila kitu.

Nyuma yake nimesikia mtu akiosha vyombo. Kisha akasema ataenda Jumanne, kabla ya kazi.

Amos ananiita. Ameshaitikisa chupa ya matone, anataka niketi niinue uso.