Fremu Uliyomtumia Faudhia

S.L.P. 27,
Mahege, Kibiti.
9 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Haidari,

Assalaam aleikum. U hali gani huko Maskati, na joto linakuachia usingizi? Lile jino umekwenda kutazamwa? Sisi tu wazima kwa uwezo wa Mola. Mpunga tumekwisha vuna, na mama anakula vizuri.

Kilichonishikisha kalamu ni mdogo wetu Faudhia na ile baiskeli uliyomtumia, maana kwenye simu hunisikilizi.

Ilipofika, majirani walikuja kuinyanyua kwa kidole, jinsi ile fremu ya kaboni ilivyo nyepesi. Faudhia alilia kwa furaha. Miaka yote ya mashindano ya baiskeli alikuwa akiazima. Lakini Haidari, kwa nini hukumwuliza vipimo? Uliangalia kimo chake tu. Ni mrefu, kweli, ila urefu wote umo miguuni. Kiwiliwili kifupi, mikono mifupi. Usukani ukawa mbali naye, tena chini. Akawa anaendesha kama mtu anayechungulia kisima.

Nilipokwambia kiuno kinamwuma na vidole vinakufa ganzi, ukanijibu, "Dada, shusheni siti, ataizoea." Siti! Siti ni habari ya miguu. Urefu wa kwenda mbele ni wa fremu yenyewe, na kaboni haikatwi ikaungwa. Mumewe, Sadala, alimfungia shingo fupi ya usukani. Usukani ukamsogelea kidogo, baiskeli ikaanza kuyumba, na breki bado akizigusa kwa ncha za vidole.

Nawe ukashikilia kwamba namba ya fremu, yaani saizi yake, ni ile ile ya baiskeli aliyokuwa akiazima. Namba ya kampuni moja si ya nyingine, baba! Na bomba la juu siku hizi linateremkia nyuma. Mtu anasimama amelipitisha katikati ya miguu, akadhani baiskeli imemtosha, kumbe wapi.

Basi mwezi wa Mei, kwenye mazoezi ya barabara ya Ikwiriri, mbuzi akamkatizia mteremkoni. Vidole havikuziwahi breki. Sadala alimkuta mtaroni ameshika bega, mfupa wa mtulinga umevunjika. Fremu yako fundi aliikagua kote, haina hata ufa. Mashindano ya mkoa yakampita mkono ukiwa umefungwa kifuani.

Nikataka kukupigia, Faudhia akanizuia. "Dada Mwanaamina, usimwambie kaka. Amejinyima kwa ajili yangu. Nitaizoea." Hata yeye! Siku zote hizo alikuwa akimeza maumivu asikuudhi. Mmenichosha nyote wawili.

Nikamtafuta Amri wa Ngorongo, mwenzake wa mazoezini, mwenye kiwiliwili kirefu na mikono mirefu. Baiskeli yake ilikuwa ya alumini, fupi, magoti yakigonga usukani. Nikawabadilishia baiskeli. Faudhia hakutaka, nililazimisha mimi. Ukichukia, nichukie mimi.

Bega limepona. Juzi alikwenda Ikwiriri na kurudi. Aliteremka wima, hakujishika kiuno, akauliza kuna chakula gani.

Mama, Sadala na shangazi wanakusalimu. Mungu akulinde na akuzidishie moyo wako wa kutoa, na masikio pia.

Mpigie Faudhia. Usimweleze habari ya siti. Mwulize anaendeleaje, kisha nyamaza umsikilize.

Dada yako akupendaye hata kwa hasira hizi,
Mwanaamina