Mzee Kisigino, Fundi Aliyetuvua Soksi Mtaa Mzima

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu uinamie kiatu cha mtu mwingine na usiinuke tena. Tumekulilia, tumekuombea, na tukisema kweli, hasira bado hazijatuisha. Wengine watasoma haya, lakini tunayekuambia ni wewe.

Ulikuwa fundi viatu kwa miaka thelathini na minne, katika kibanda cha mabati kati ya duka la mikate na kituo cha basi. Mtaa mzima ulikuita Mzee Kisigino. Sura za watu ulizisahau, majina uliyachanganya, ila visigino ulivijua: huyu anakanyagia upande, yule anaburuta, yule anajikaza. Siku binti yako wa pili alipoposwa, ulimwuliza mchumba mbele ya wazazi wake, "Mbona kiatu cha kulia kimelika kwa ndani? Goti linakuuma?" Mama alitamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini balaa lenyewe lilianza na yule mama muuza maua. Alikuletea viatu ubadilishe soli, ukakuta msumari umetokeza ndani na doa la damu limekauka. Ukautoa msumari, ukafuta doa, ukamrudishia viatu vyake. Hukusema neno. Mke wa mtu, utamwulizaje habari za mguu wake? Miezi miwili haikupita, akakatwa mguu chini ya goti. Alikuwa na kisukari asijue. Miguu ilikwisha kufa ganzi, na msumari ule alitembea nao wiki nzima bila kuusikia.

Siku ulipopata habari ulirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hukuwahi kulifanya kabla, ukaketi kitandani na aproni yako.

"Niliuona," ulimwambia Mama. "Niliuona, nikanyamaza kwa adabu."

Tangu siku ile adabu ukaiweka kando, na sisi tukakoma.

Kila aliyekuja kibandani ulimvua soksi. Ulimwambia afumbe macho, ukamgusa vidole kwa ncha ya uzi wa nailoni. "Unasikia? Na hapa je?" Nani alikufundisha, hatujui. Asiyesikia ulimzuilia viatu vyake mpaka aende akapimwe sukari. Ulizuia viatu vya watu, Baba! Mwalimu wa hesabu alifundisha wiki nzima kwa kandambili, na waliokuja kulalamika walikuja nyumbani, si kibandani, maana kibandani ungewavua soksi.

Mama akakuuliza, "Wewe ni fundi au daktari?"

Ukamjibu, "Daktari hawaoni. Mimi nawaona."

Hapo ulisema kweli. Babu zetu waliletwa mji huu kufanya kazi kiwandani, na mpaka leo sisi wajukuu wao tunaitwa wageni. Upande wetu wa reli watu hospitali walikuwa hawaendi. Fomu ziko kwa lugha ya ofisini, wazee wetu wanaijua ya nyumbani tu; mtu akikosea dirisha anafokewa kama mtoto, kisha anarudi akisema heri afie kitandani kwake. Ndiyo maana mji ni mmoja, lakini miguu inayokatwa ni ya upande wetu.

Ukaamua kwenda hospitali mwenyewe. Dada yetu mkubwa, mshonaji wa sare, alikusindikiza, na hadithi hii anaisimulia mpaka leo huku ameshika kichwa. Ulibeba gunia. Mhudumu wa mapokezi akauliza, "Mzee, mgonjwa yuko wapi?" Ukasema, "Hawa hapa," ukaanza kuvipanga viatu mezani kwake, jozi kumi na moja, kila kimoja ukimweleza kilivyolika na mwenyewe anavyoumwa. Walinzi wakaitwa. Daktari mkuu naye akatoka kuona kelele ni za nini.

"Shida yenu watu wa mtaa ule," akasema, "hamfuati maelekezo."

Ukamwuliza kwa upole, ule upole wako uliotutisha kuliko ukali, "Maelekezo hayo mliwapa kwa lugha gani?"

Akatazama saa yake, akaondoka.

Ulirudi mara nane zaidi. Dada alihesabu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiomba ruhusa kazini kila safari. Tulikusihi uache, ukatuona sisi ndio wasumbufu. Mara ya tisa alitoka muuguzi wa vidonda, mama mfupi mwenye miwani, akakuuliza jambo moja tu: "Kibanda chako kiko wapi?"

Alhamisi iliyofuata alikuja na kipimo cha sukari mkobani, akaketi kwenye stuli ya wateja. Watu watatu ndio waliojitokeza, na mmoja wao alikuwa Mama, uliyemvuta mkono. Ukafunga kibanda siku mbili, ukapita nyumba kwa nyumba. Kwa yule mama muuza maua ulisimama mlangoni ukaomba msamaha mpaka ukalia.

"Nikusamehe nini?" akasema. "Niwekee kiti, nije nikutafsirie. Wewe lugha ya ofisini unaivunja mifupa."

Alikuja kwa magongo yake. Watu walipouona mguu ule usiokuwepo, hakuna aliyehitaji mahubiri. Alhamisi hiyo ya pili walipimwa ishirini na sita. Mwaka wa pili mtaa ukatupa chumba nyuma ya ofisi yake, muuguzi akaongeza kipimo cha presha, na kinamama wa upande wetu wakagawana nyumba za kufuatilia. Wakikuta mtu ameacha dawa hawamsemi kwa ukali. Wanakaa wanakula naye mpaka aseme sababu.

Na wewe je? Hapo ndipo hasira zetu zilipo.

Uliwapima watu wazima na wazee, ukawafokea wapishi, ukamkimbiza dereva wa basi mpaka kwenye usukani. Muuguzi akisema, "Mzee, leo zamu yako," unamjibu, "Nina foleni." Ngazi nne tu za ofisini zilikuhemesha. Ulikuwa ukijisugua kifua kwa pindo la aproni, ukidhani hatuoni. Dada alikuonya, Mama alikubembeleza, kitindamimba wako alikununia wiki mbili. "Mimi chuma," ukasema. Ukaanguka Jumanne, saa nne asubuhi, moyo.

Muuguzi aliitafuta kadi yako katika sanduku la kadi za waliopimwa, akizipitia moja baada ya nyingine, mbele yetu. Haikuwemo. Hukuwahi kupimwa hata mara moja. Msibani watu wakatufariji, eti mganga hajigangi. Hiyo si faraja, Baba. Mwenye kusema hivyo na aende akapimwe.

Hukuwa umepoa kaburini, hospitali ikaleta barua: huduma ya Alhamisi inasitishwa kwa kukosa msimamizi. Wewe uliwajua watu kwa visigino, lakini mkeo ulikuwa humjui. Yule yule aliyekuwa akiona haya hata kuuliza bei sokoni alivaa kitenge chake cha kutokea, akaenda kwa daktari mkuu na muuza maua pembeni yake, akaiweka ile barua mezani.

"Mume wangu amekufa kwa kukosa kupimwa," akasema. "Msimamizi ni mimi. Nitie saini wapi?"

Muuza maua akamtafsiria neno kwa neno, bila kulainisha. Safari hii daktari hakutazama saa. Chumba kipo, na mkalimani wetu huyo sasa ameajiriwa na hospitali, ana kiti chake. Hatutakudanganya kwamba mambo yote ni mazuri: majira ya mvua fundi rangi mmoja alipoteza vidole vitatu vya mguu. Tulimfuata mara nne, akatukimbia mara nne. Tungemfuata ya tano.

Kadi ya kwanza Mama kuifungua ilikuwa yake mwenyewe. Kisukari alikwisha kupimwa, presha alikuwa hajawahi. Muuguzi alisoma kipimo, akavua miwani, akasoma tena, akamwandikia dawa siku ile ile. Anaimeza kila asubuhi kwa glasi ya maji, na kila asubuhi anakugombeza kwa sauti, mpaka jirani anagonga ukuta. Yake tunaijua na inashuka. Yako ilikuwa ngapi, hatutajua kamwe.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako watatu na wana wawili, wakwe zako, wajukuu saba, mdogo wako fundi bomba, aliyepimwa juzi kwa kulazimishwa, na wote wa upande wetu wa reli wanaokwenda kwa miguu yao miwili.

Ulituchosha sana, Baba. Laiti ungeendelea kutuchosha. Mungu akulaze pema. Kukusahau hatutaweza, leo wala kesho.