Kiti cha Mtu Hakiguswi

Pittsburgh,
Jumapili jioni, Februari

Mdogo wangu Leonard,

Nakusalimu wewe, Paula na watoto. Natumaini yale mafua uliyoondoka nayo siku ya mazishi yamekuacha, na kwamba goti la Paula limepata daktari. Sisi huku ni wazima, kwa uzima wa watu waliofiwa. Theluji imeanguka tangu Alhamisi na idara yetu ya barabara haijapumua. Nimeshinda kwenye redio nikiyaelekeza magari yanayomwaga chumvi ya kuyeyusha barafu mpaka sauti imenikauka. Nyumba ya Mama iko salama. Bomba la jikoni nimeliacha likidondosha maji kidogo ili lisigande, kama alivyotufundisha.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Wewe simu unaipokea ukitembea, na mtu akikuita unaniambia nisubiri. Nina jambo ambalo likikatwa katikati litaharibika. Tafadhali kaa, na usome mpaka mwisho.

Mzee Petrak wa ng'ambo ya barabara anakusalimu. Anasema tai uliyovaa kanisani ilikuwa ya muuza bima, lakini ulibeba jeneza vizuri. Shangazi Ludmila bado ana masufuria ya watu na hakumbuki lipi la nani. Mama Pickett, yule mwanamke aliyeleta sinia kubwa la biskuti na kukaa peke yake karibu na mlango, ameniuliza habari zako. Huyo nitamrudia, maana ni kwa ajili yake nimeamua kuandika.

Unakumbuka chakula cha matanga kule ukumbini. Mjomba Emil alikuwa ameshamaliza bilauri yake ya pili, akaanza kukuchokoza. Alisema nyinyi watu wa Washington kazi yenu ni kuwaogopa Wachina, na mwisho mtatukataza hata wali wao wa kukaanga. Watu walicheka. Wewe hukukasirika. Ulimweleza polepole kwamba mashine inayosoma damu ya mtu inamjua yeye na wajukuu wake, kwamba kampuni isiyoweza kuikatalia serikali yake haifai kukabidhiwa damu ya askari wetu, na kwamba ndiyo maana sheria inazuia hospitali zinazokula fedha za serikali kununua huduma kwa kampuni zile. Emil akasema sawa, na wagonjwa je? Hapo ukaweka uma chini. Ulisema hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekatiwa tiba, kwa sababu wewe mwenyewe uligoma kuondoka kwenye kamati iliyoandika sheria ile mpaka kikaingizwa kifungu: tiba iliyokwisha kuanza, imalizwe pale pale ilipoanzia. Ukaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba ulipokuwa ukikiandika ulikuwa ukimfikiria Mama.

Nilikuwa nimesimama nyuma yako na sinia la kabichi. Nililiweka mezani nikaenda jikoni. Ulinifuata ukaniuliza kama naumwa, nikakujibu ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu, Leonard.

Ngoja nikueleze jinsi mambo yalivyokwenda, kwa mpangilio wake.

Majira ya kuchipua mwaka jana walimtoa Mama damu, wakachuja zile seli nyeupe, wakazipeleka kwenye kiwanda kule New Jersey zikafundishwe kuitambua saratani. Hayo unayajua. Unajua pia kwamba kiwanda kile, ingawa wafanyakazi wake ni watu wa huku huku, mwenye mali ni kampuni ya Kichina. Mama naye alilijua, wala halikumsumbua. Alimwambia muuguzi kwamba Wachina wakiipekua damu yake watakuta kabichi na kiburi, basi, na vyote viwili wanavyo kwao. Lakini tulipofika nyumbani aliniambia una haki ya kuwa na wasiwasi. Alisema Leonard si mtu wa kuogopa vivuli. Akiona moshi, kuna kitu kinaungua.

Siku hiyo ndipo tulipokutana na Curtis Pickett, dereva wa basi la shule. Yeye na Mama walikuwa wamelazwa kwenye viti jirani, mirija ya damu imeingia mikononi mwao, wakashinda kutwa nzima wakitukanana kwa sababu ya mpira. Curtis ni shabiki wa Cleveland, mahasimu wa timu yetu. Mama alimwambia sasa amekijua chanzo cha ugonjwa wake, na kwamba hata zikifundishwa vipi, seli za mtu wa Cleveland hazitashinda kitu. Curtis alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia mashine. Tangu hapo wakawa wanapigiana simu kila timu mojawapo ilipofungwa, yaani mara nyingi.

Mwisho wa kiangazi Daktari Marchetti alituita. Alisema seli za Mama zimetengenezeka vizuri kuliko alivyotarajia, zimegandishwa kiwandani, zinangoja. Kisha akasema haziji. Sheria ilikuwa imekwisha kupita, na wanasheria wa hospitali walikuwa wamesimamisha kila kitu na kiwanda kile, kutuma na kupokea, wasije wakaponzwa wakanyimwa fedha za serikali. Wangetafuta kiwanda kingine, lakini hicho nacho kingebidi kipimwe na kuthibitishwa tangu mwanzo. Nikauliza itachukua muda gani. Alitazama dirishani. Halafu akasema, kama mtu aliyechoka na si kama daktari, kwamba ikiwa kuna yeyote mwenye ndugu Washington anayeweza kuulizia, huu ndio wakati.

Nilimtazama Mama. Mama akafungua mkoba wake, akaanza kutafuta funguo ambazo nilikuwa nazo mimi.

Ndani ya gari tuligombana, kugombana hasa, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nilimwambia napiga simu kwako sasa hivi. Akasema nikithubutu atateremka atembee. Nikamwambia huyu ni mwanao, si seneta. Akaniuliza kama nakumbuka kiti cha Petrak.

Nakumbuka, na wewe unakumbuka. Ulikuwa umepata leseni majira yale ya baridi. Petrak alikuwa ameshinda na koleo akiondoa theluji mbele ya nyumba yake, akaweka kile kiti chake cha jikoni pale barabarani kushika nafasi ya gari lake, kama desturi ya mtaa wetu, akaenda zake kazini. Wewe ukarudi, ukakiweka kiti kando, ukaegesha gari pale. Mama hakukupiga. Alikutoa mezani, akasimama nawe kwenye baridi mpaka Petrak aliporudi, ukaomba radhi mbele ya mtaa mzima, na siku zote za theluji zilizofuata ukawa unasafisha nafasi yake kabla ya kwetu. Kiti cha mtu hakiguswi, alisema. Hakuna polisi wa kukilinda, ndiyo maana hakiguswi.

Sasa akaniambia kwamba kukupigia wewe simu ni kuondoa kiti. Alisema mtu anayeandika kanuni, kisha mama yake akaizunguka kwa mlango wa nyuma, wenzake watamla akiwa hai, na watakuwa na haki. Akaniuliza Curtis yeye ampigie nani. Nilimjibu kwamba yeye kukosa hakutamfanya Curtis apate. Akasema hajawa mjinga bado, hilo analijua, lakini hatakuharibia jina ili aongezewe majira mawili ya kula kabichi. Akaniapisha kwa jina la Baba. Niliapa, taa ya barabarani imekwisha kuwa kijani, na nyuma yangu watu wanapiga honi.

Oktoba ulipiga simu kuuliza kama amerudishiwa zile seli. Mimi nilikuwa pale pale namenya viazi. Alikwambia ndiyo, amekwisha kuwekewa, zimetulia, ila zinamchosha, kwa hiyo usije wiki hii. Alipokata simu alifuta mikono, ingawa haikuwa na kitu, akasema amesema uongo mmoja tu mwaka huu na ataungama Jumamosi. Aliungama kweli. Nilimpeleka mimi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, unapowaambia watu kwamba tiba ilishindwa, si kweli. Seli zake hazikushindwa. Hazikurudi. Siku tunamzika zilikuwa bado New Jersey, ndani ya tangi, na jina lake juu yake.

Hilo ningelinyamazia. Nilikuwa nimeapa, na wewe ungelala usingizi. Lakini pale ukumbini ulitamka kifungu kile, na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo Mama hakulijua mpaka anakufa, wala mimi, wala Daktari Marchetti. Kukupigia simu kusingekuwa kuomba upendeleo. Tiba yake ilikuwa imekwisha kuanza. Sheria haikumzuia, ilimwachia njia, na aliyemwachia njia hiyo ni wewe. Hatukuhitaji uzunguke kanuni. Tulihitaji uisome kwa sauti, basi. Sisi hatukukuuliza kwa sababu tulikuheshimu. Wewe hukutuambia kwa sababu hukuwa na tabia ya kuleta mambo ya ofisini mezani kwa Mama. Katikati ya heshima hizo mbili yeye akafa.

Baada ya matanga nilipiga simu hospitali. Mwanamke wa ofisi ya sheria alinisikiliza kwa adabu. Alisema kifungu hicho wanakijua, ila hakuna mtu wa serikali aliyewathibitishia kwamba kinawahusu wao, na hakuna hospitali inayotaka kuwa ya kwanza kujaribu. Kisha akaniuliza mimi ni ndugu wa mgonjwa gani. Nilipomwambia, akanipa pole, akasema faili hilo limefungwa.

Faili la Curtis halijafungwa. Seli zake ziko kwenye tangi lile lile. Amepungua sana, basi la shule anaendesha mtu mwingine. Mkewe, Mama Pickett, alikuja kwenye matanga akijua wewe ni nani na kazi yako ni nini, akakaa kando ya mlango na biskuti zake, akala kidogo, akaondoka bila kukuomba neno, kwa sababu ulikuwa umefiwa. Naye ana viti vyake asivyovigusa. Mimi kiapo nimekivunja, na nitaungama Jumamosi kwa padri yule yule.

Nakuomba kesho asubuhi, kabla ya kikao chochote, uwapigie wanasheria wa hospitali uwaambie kifungu kile kina maana gani. Usimtaje Mama. Usimtaje Curtis. Waambie tu kilichoandikwa. Wala usinipigie mimi kwanza. Utataka kunieleza, na mimi nitataka kukufariji, na siku itakwisha.

Sikulaumu kwa sheria. Wala Mama hakukulaumu. Siku zake za mwisho alikuwa akiwaambia wauguzi kwamba mwanawe analinda damu ya nchi nzima, na kwamba kwa mtoto aliyekuwa akizimia akichomwa sindano, hilo si jambo dogo.

Jambo moja la mwisho. Ijumaa nilipokwenda kutazama nyumba, nilikuta nafasi ya mbele imesafishwa mpaka lami inaonekana, na katikati yake kimewekwa kile kiti cha Mama cha manjano, chenye mguu uliofungwa waya. Petrak ana ufunguo wa gereji. Nilimwambia mzee, gari la Mama tumeshaliuza. Akaniambia anajua, kwani yeye ni kipofu? Akaendelea kutupa chumvi kwenye ngazi zake. Mtaa umejaa, watu wanazunguka mara tatu kutafuta pa kuegesha, na hakuna aliyekigusa.

Ukishapiga hiyo simu, njoo. Usiegeshe kule chini kanisani. Njoo mpaka mbele ya nyumba, ushuke, ukiondoe kiti kwa mkono wako, uegeshe pale. Hakuna atakayekuuliza.

Mbusu Paula kwa niaba yangu, na waambie watoto kwamba biskuti za bibi yao zilizobaki nimezigandisha. Nitaziweka mpaka mtakapokuja.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Rosemarie