Mkilua wa Dada Zuhura

Alhamisi, Mfungo Tano. Jua limewaka tangu asubuhi, mawe ya uani yanachoma nyayo. Kivuli hatuna tena. Mfenesi uliangushwa Jumatatu, na mie tangu siku hiyo sina raha.

Naandika upesi kabla sijaghairi. Kesho, watu wakitoka kuswali Ijumaa, mkilua wa dada Zuhura utang'olewa. Mama mkwe, Bi Mize, ameshasema. Mume wangu naye kasema niamue mie. Mwanamume yule! Jambo likiwa gumu hunitupia mimi, kisha huyo, kavaa kofia katoka.

Mume wangu. Miaka michache tu nyuma alikuwa shemeji yangu. Dada alikufa kwa uzazi, yeye na kitoto chake, akamwacha Kibibi ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Wazee wakakutana, wakaona mtoto asilelewe na mtu kando na hali mama yake mdogo yupo. Sikuulizwa sana. Nimewahi kumwita shemeji mbele ya wageni, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mie sikucheka.

Chumba ni chake dada, kitanda ni chake, hata mtungi ninaonywea maji ni wake. Na nyuma ya nyumba uko huo mkilua.

Asiyekijua kilua hudhani ni ua la kutazamwa. Wapi! Kidogo, kinene, rangi ya samli, kimeinamia chini kama mwari. Lakini kichomeke nyweleni, au kifiche katikati ya kanga zako, nyumba nzima itajua kuna mke. Dada alizitoa mbegu kule msitu wa Mlola, akavuka nazo mpaka huku Chole zimefungwa mbichi katika jani la mgomba, maana zikikauka hazioti ng'o. Nilimcheka sana. Akanifundisha hivyohivyo huku namcheka.

Mkilua ni mti wa kivulini, alisema. Jua la adhuhuri usiuonyeshe. Uutafutie udongo mweusi wa majani yaliyooza, na ukipalilia usichimbe shinani, kwa kuwa mizizi yake iko juujuu. Maji ya kisima chetu yana chumvi, basi ukinge ya mvua. Halafu usiuharakishe, unaweza kukaa hata miaka bila kukupa ua. Akaupanda chini ya mfenesi, na alipokufa ulikuwa umemfika kifuani.

Nilipoolewa nilivaa vilua, kama wanavyovaa wake wote. Bwana akaingia chumbani, akavuta pumzi, akaniita Zuhura. Yeye hakusikia alichokisema. Mie nilisikia.

Sijavaa tena.

Na harufu haikukoma. Kila magharibi inaingia, hata siku ambazo mti hauna ua. Inapita ukumbini, inasimama mlangoni pa chumba, kisha inakuja kitandani upande wa ukutani, aliokuwa akilala dada. Nilidhani ni mawazo yangu, mpaka Bi Mize naye akaisikia, akaacha kula. Akamleta mganga kutoka Bwejuu. Mganga akasema yuko aliyeketi kwenye mfenesi, basi mfenesi ukakatwa. Jioni ileile harufu ikaja kali kuliko siku zote. Sasa wanasema aliyeketi ameteremkia kwenye mkilua.

Hakuna aliyekumbuka kwamba mti ule unaishi kwa kivuli cha mwenzake. Siku ya pili majani yalikuwa yameungua kingo.

Nitasema kweli, nani ataniona hapa. Nilifurahi. Nilisema moyoni, haya, nenda, niachie nyumba yangu. Kisha mikono yangu hii hii ikaenda ikachukua makuti, ikausimikia kibanda, ikaumwagia maji ya mvua yaliyobaki mtungini. Mchana nausitiri, usiku naomba ufe. Sijui ni mtu gani huyu.

Leo alasiri Kibibi alipotea. Nilimtafuta jikoni, nikamtafuta kwa jirani. Nikamkuta kajikunyata ndani ya kile kibanda cha makuti, mgongo kauegemeza kwenye shina, macho kayafumba. Nikamfokea, maana nilikuwa nimeogopa. Hakulia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za chakula:

"Wakiung'oa, mama atakaa wapi?"

Mtoto huyu sura ya mamake haijui. Hajawahi hata kuniuliza kama alikuwa mrefu au mfupi. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi, nikalia kilio ambacho msibani sikukilia, kwa sababu msibani nilikuwa na kazi ya kupokea watu. Nilimlilia dada yangu. Siku zote hizi nimemwogopa kama mgeni aliyeingia nyumbani bila kubisha hodi, na mgeni ni mie.

Nikanyanyuka hivyohivyo na vumbi langu, nikaenda kwa Bi Mize. Nikamwambia, "Mama, niwie radhi. Mti haung'olewi."

Akaniuliza, "Unamlinda mke mwenzio?"

"Ni dada yangu, mama."

"Alikuwa dada yako," alisema. "Sasa hatujui ni nini." Akavuta ushungi wake, akaniambia kesho watu wanakuja na majembe, anayetaka kuwazuia awazuie mwenyewe, na likimpata la kumpata asije akamlilia yeye.

Basi nitawazuia. Watakaporudi msikitini watanikuta nimeketi shinani, na Kibibi mapajani. Bwana aone, aseme atakalo. Siku nyingine akiniita jina lile nitamwambia, na tutalia pamoja au tutagombana, lakini mti utabaki.

Naogopa, sikatai. Magharibi imeingia. Harufu ndiyo hiyo imefika, imepita ukumbini, na leo mti hauna hata tumba. Imesimama mlangoni. Tangu nihamie nyumba hii, mimi mdogo mtu, sijamwamkia mkubwa wangu hata mara moja.

Shikamoo, dada.

Nasikiliza.